Jioni Imefika na Hujui Upike Nini

Saa kumi na mbili jioni watoto wamesharudi, kila mmoja anauliza tunakula nini, na kabatini kuna nusu mfuko wa unga, vitunguu viwili, nyanya zilizoanza kulegea na dagaa walionunuliwa wiki iliyopita. Wengi wakifika hapo husema nyumbani hakuna kitu, kisha mtoto anatumwa chipsi kwa pesa ambayo ingelisha nyumba nzima siku mbili. Ninaandika mwongozo huu kwa sababu ninaamini kwamba katika nyumba nyingi za namna hiyo chakula kipo. Kinachokosekana ni utaratibu wa kukiona na kukiunganisha.

Mpishi anayeweza kutoa mlo kwa chochote kilichopo hategemei kukariri mapishi. Anajua kila kitu kina kazi gani sufuriani, hivyo kimoja kikikosekana anajua kipi kishike nafasi yake. Ujuzi huo unafundishika, na anayeutaka ataupata kwa kupika kila siku akiwa makini. Mifano ya hapa ni ya jiko la kawaida la Tanzania: mkaa au gesi, sufuria mbili tatu, kikaango na mwiko. Vipimo vinatosha watu watano hadi sita.

Bandika maji kwanza

Kabla hujaamua chochote, washa jiko na ubandike maji. Yatahitajika kwa vyovyote, iwe ni ya ugali, ya wali, ya kuchemshia viazi au ya kuoshea dagaa. Wakati yanapata moto utakuwa umeshafikiri, na watu wa nyumbani wataona kwamba shughuli imeanza.

Watoto wenye njaa wape kitu kidogo cha kuwashikilia: ndizi mbivu, karoti iliyomenywa, kipande cha kiazi kitamu cha asubuhi. Usihofu kwamba watashindwa kula chakula chenyewe. Mtoto aliyetulizwa hukupa nusu saa ya kupika vizuri, na chakula kilichopikwa vizuri hakibaki. Karanga nzima zisipewe watoto walio chini ya miaka 5, kwa kuwa huwapalia kwa urahisi.

Kagua, ukianzia na kinachoharibika

Pitia jiko lako kwa mpangilio mmoja kila siku. Anza na vile visivyofika kesho: mchicha, matembele, nyanya laini, maziwa, samaki mbichi. Fuata kiporo. Kisha vile vya siku chache kama viazi, ndizi mbichi, karoti na mayai. Mwisho ni vikavu: maharage, choroko, unga, mchele, dagaa, karanga. Maharage makavu yatakungoja mwezi mzima, mchicha hautangoja. Kwa hiyo mchicha ndio unaoamua mlo wa leo, na maharage yatapikwa kama kisindikizo chake.

Unapokagua, tazama na unuse. Mahindi, unga au karanga zilizoota ukungu au zenye harufu ya uvundo zitupwe zote, wala usichague zilizo nzima uzile. Ukungu wa aina fulani hutoa sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Viazi mviringo vilivyogeuka kijani navyo vina sumu. Kata sehemu ya kijani na machipukizi yote kwa kina, na kama kiazi kizima kimekuwa kijani, kitupe.

Maswali manne ya kila mlo

Ukishaona ulichonacho, jiulize maswali manne. Majibu yake ndiyo mlo.

Swali la kwanza: nini kitashibisha? Hapa ndipo unapokaa ugali, wali, viazi vitamu, viazi mviringo, mihogo, magimbi, ndizi mbichi, chapati au tambi. Vyote vinafanya kazi moja. Unga umebaki kidogo? Pika ugali mdogo na uchemshe viazi vitamu kando yake. Hakuna sheria inayosema meza iwe na cha kushibisha cha aina moja. Ukiwa na uchaguzi, dona ina faida kuliko sembe kwa kuwa haijaondolewa pumba na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini za mahindi.

Swali la pili: nini kitajenga mwili? Nyama, samaki, dagaa, mayai, maziwa, maharage, kunde, choroko, mbaazi, adesi, karanga. Usiidharau jamii ya kunde. Protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage yanaufidia, na ya maharage ina upungufu ambao mahindi yanaufidia. Ndiyo maana sahani ya makande ni mlo kamili zaidi kuliko inavyodhaniwa, na ugali kwa maharage haupaswi kumwaibisha mtu mbele ya mgeni.

Swali la tatu: kijani kiko wapi? Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, majani ya kunde, sukuma wiki, bamia, kabichi. Kama hakuna majani kabisa, kachumbari ya nyanya na kitunguu, au karoti iliyokunwa na kukamuliwa ndimu, itafanya kazi hiyo kwa siku moja.

Swali la nne: nini kitaamsha ulimi? Hili ndilo linalosahaulika, na ndilo linalofanya chakula kile kile kiitwe kitamu au kibaya. Uchachu wa ndimu, ukwaju au embe bichi. Ukali wa pilipili. Harufu ya tangawizi, kitunguu saumu, bizari au majani ya giligilani. Ndimu ina faida ya ziada: vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Kamulia ndimu sahani ikiwa tayari, maana moto huipunguzia vitamini hiyo. Chai, kwa upande wake, huzuia ufyonzaji huo, kwa hiyo ikae mbali na mlo kwa saa moja hivi, hasa kwa mama mjamzito na watoto.

Jifunze kuunga, mengine yatafuata

Mboga zetu nyingi hupita njia moja: kitu huchemshwa, kisha huungwa. Anayejua kuunga vizuri anaweza kuwalisha watu kwa karibu chochote, kwa hiyo hapa tuende polepole.

Weka vijiko vikubwa viwili vya mafuta kwenye sufuria, moto wa wastani. Tia kitunguu kilichokatwa vyembamba na chumvi kidogo. Chumvi hukitoa maji, kikalainika bila kuungua. Koroga kwa dakika 5 hadi 7, mpaka kingo zianze kuwa kahawia na harufu kali ya kitunguu kibichi igeuke kuwa tamu. Sasa tia kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, koroga kwa dakika moja tu, maana saumu ikiungua huwa chungu. Kama una bizari, itie hapa, ikaangike kidogo ndani ya mafuta.

Kisha nyanya. Zikate ndogo au zikune, tia, funika, na ziache ziive. Mwanzoni utaona maji mekundu yanachemka. Baada ya dakika 8 au 10 maji yatakuwa yamekauka, nyanya zimevurugika kabisa, na mafuta yameanza kujitenga pembeni ya sufuria. Hiyo ndiyo alama unayoingoja. Mchuzi mwingi unaolaumiwa kuwa hauna ladha una kosa moja: maji yalitiwa kabla nyanya hazijaiva. Ukishaona mafuta pembeni, tia chochote: maharage yaliyochemshwa, mayai, dagaa, bamia, nyama iliyoiva, viazi.

Kama hakuna nyanya, kijiko kimoja cha nyanya ya kopo kilichokorogwa kwenye nusu kikombe cha maji kinatosha. Kama hata hiyo haipo, tumia maji ya ukwaju, vipande vya embe bichi, au mtindi uliotiwa mwishoni moto ukiwa mdogo. Kama kitunguu ni kimoja, kikate vyembamba zaidi na ukipe muda mrefu zaidi. Kitunguu kimoja kilichoiva vizuri kina ladha kuliko vitatu vilivyoharakishwa.

Njia nne za kubadili mboga ile ile

Watoto huchoka mboga kwa sababu inapikwa vilevile kila siku. Mchicha unaweza kuliwa jioni nne bila mtu kulalamika, ukipita njia nne tofauti.

Nazi. Kuna nazi moja, mikamulio miwili. Tui la pili, lile jepesi, ndilo linalotangulia, likapikia mboga mpaka iive. Tui zito huingia mwishoni. Likishaingia, usiondoke. Koroga polepole mpaka lichemke, acha litokote dakika 3 au 4, kisha epua. Moto mkali bila kukoroga hulikata tui, mafuta yakaelea na mchuzi ukabaki maji. Chicha iliyobaki usiitupe. Wapo wanaoitia kwenye vitumbua au kuikaangia mboga kavu, na kuku wa nyumbani huila.

Karanga. Nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa hutosha mafungu mawili ya mchicha au bakuli la kisamvu. Zikoroge kwanza kwenye maji ya baridi mpaka ziwe uji mzito, ndipo umwage sufuriani, la sivyo zitafanya mabonge. Punguza moto na ukoroge mara kwa mara, kwa kuwa karanga hushika chini upesi. Hapo mboga ya majani imegeuka kitoweo, na nyama haihitajiki.

Chukuchuku. Maji kidogo, chumvi, kitunguu, nyanya iliyokatwa mara nne, pilipili nzima bila kuipasua, na ndimu mwishoni. Hakuna mafuta. Hii ndiyo njia ya siku ambayo mafuta yamekwisha, na samaki mbichi ni mtamu sana kwa namna hii. Mchuzi wake mtoto mgonjwa huupokea hata akikataa vingine.

Kukaanga kavu. Kikaango chenye moto mkali, mafuta kidogo, kitunguu, kisha majani yaliyooshwa na kukung'utwa maji. Dakika 3 hadi 5 zinatosha kwa mchicha au kabichi. Karoti iliyokunwa huongeza utamu. Majani yabaki na rangi yake.

Kisamvu kina masharti yake. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya asili, kwa hiyo lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu kabla ya kuungwa. Kisamvu si mboga ya haraka. Kichemshe siku yenye nafasi, ukihifadhi kwenye friji, ukiunge siku yenye haraka.

Dagaa, tegemeo la mwisho wa mwezi

Kama kuna kitu kimoja ambacho ningependa kila jiko liwe nacho, ni dagaa wakavu. Wanakaa bila friji, wanaliwa pamoja na mifupa yao, na kwa hiyo humpa mtoto protini na kalisi kwa pamoja. Watu huwakataa kwa sababu ya mchanga na harufu, na vyote viwili vinaondoka kwa mikono yenye subira.

Chukua vikombe viwili vya dagaa. Watoe vichwa na matumbo, kazi ambayo watoto wakubwa wanaweza kuifanya wakiwa wamekaa na kupiga soga. Wamwagie maji ya uvuguvugu, wasugue taratibu kwa viganja, kisha waopoe kwa mkono wakiwa juu ya maji. Usimwage maji pamoja na dagaa, maana mchanga umetuama chini nao utarudi. Rudia mpaka chini ya beseni pawe safi. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao wengi huanikwa ufukweni, huhitaji maji mengi zaidi. Wachuje wakauke.

Wakaange kwenye vijiko viwili vya mafuta mpaka wawe wakavu na watoe sauti ya kuparuza ukiwakoroga. Watoe. Katika mafuta yaleyale kaanga kitunguu, nyanya na pilipili kama tulivyoeleza, kisha warudishe dagaa, ukamulie ndimu nzima na uepue baada ya dakika 2. Ukitaka mchuzi, tia tui la nazi badala ya kuepua. Waliokataa dagaa wengi wao hawajawahi kula waliokaangwa kwanza.

Sufuria moja ya maharage, jioni tatu

Maharage hula mkaa na gesi kuliko kitu kingine jikoni, kwa hiyo, kama una friji ya kuyahifadhi, yapike mengi kwa mara moja. Loweka kilo moja usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, tia mapya, na uhakikishe yamechemka kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoumiza tumbo yasipochemka ipasavyo. Yaliyolowekwa huiva kwa saa moja hadi moja na nusu. Nyanya, ndimu na ukwaju visitiwe kabla hayajalainika, kwa kuwa uchachu huyafanya yawe magumu.

Jioni ya kwanza yaunge kwa nazi, yaliwe na wali. Jioni ya pili chukua sehemu yake, uyaponde kidogo kwa mwiko, uyaunge kwa nyanya na tangawizi yawe mazito, yaliwe na chapati au ugali. Jioni ya tatu yachanganye na viazi mviringo au ndizi mbichi zilizomenywa, sufuria moja, mchuzi mmoja, na mboga ya majani ikatiwe humohumo dakika za mwisho. Hakuna atakayesema amekula kitu kimoja mara tatu.

Siku usiyokuwa umeloweka chochote, kimbilia choroko au adesi. Adesi huiva kwa dakika 20 hadi 30, choroko kwa dakika 30 hadi 45. Mseto ni mlo mzima wa sufuria moja: chemsha kikombe kimoja cha choroko mpaka zianze kupasuka, tia vikombe viwili vya mchele uliooshwa, chumvi, tui la nazi moja na maji ya kufunika kwa kina cha kidole, palia moto mdogo ukauke. Kachumbari juu yake, na watu wamekula.

Kitoweo kidogo, watu wengi

Mgeni akipiga hodi wakati kitoweo ni kidogo, usipunguze ukarimu, ongeza ujanja. Robo kilo ya nyama ikikatwa mapande makubwa inawatosha watu wawili. Ikikatwa vipande vidogo vya sentimita mbili, ikachemshwa na tangawizi mpaka ilainike, supu yake inabeba sufuria nzima ya ndizi au viazi na kila mmoja anaipata ladha. Watu wa Kilimanjaro wameliweza hili kwa mtori: ndizi mbichi na nyama vinachemshwa pamoja, ndizi zinapondwa, na nyama kidogo inawaenea wengi.

Mayai manne hayawatoshi watu sita yakikaangwa peke yake. Yachemshe, yakate katikati, uyatie kwenye mchuzi mzito wa nazi wenye viazi vilivyoiva, na kila sahani itapata nusu yai au zaidi pamoja na mchuzi wa kutosha. Au yavunjie ndani ya rosti ya nyanya na kitunguu yenye karoti na hoho, koroga mara chache tu, funika yagande.

Kukuza mchuzi kwa kumwaga maji ni kuuharibu. Ukuze kwa kitu: kiazi, bamia, nyanya chungu, kiganja cha adesi, maharage yaliyopondwa.

Kiporo ni mali, kikitunzwa

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, ushauri huo uchukuliwe kwa uzito. Wali ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa, na wali ukikaa na uvuguvugu vinazaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wali uliobaki utandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha uweke kwenye friji. Kama huna friji, pika kinachotosha usiku huo, na kilichozidi mpe jirani.

Kiporo kipashwe mpaka kitoe mvuke kote, na kipashwe mara moja tu. Chenye utelezi, povu au harufu ya kuchacha kimwagwe bila huruma. Kuokoa sahani moja hakulingani na mtoto kuhara usiku kucha.

Kilichotunzwa vizuri kinaanza maisha mapya. Wali wa jana ukaange na kitunguu, karoti na mayai mawili. Ugali ukate vipande, uukaange kwa mafuta kidogo kwa chai ya asubuhi. Chapati zilizokauka zichane vipande, uzimwagie mchuzi wa moto wa maharage, uzifunike dakika 5 zinywe mchuzi. Mchuzi wa nyama uliobaki kikombe kimoja ni msingi tosha wa kupikia viazi.

Mambo yakienda mrama

Chumvi imezidi: ongeza kitu kisicho na chumvi, kama tui, nyanya, viazi au maharage, kisha pika wali au ugali bila chumvi kabisa. Uchachu umezidi: sukari nusu kijiko cha chai, au tui. Pilipili imezidi: tui, maziwa au karanga. Mchuzi mwepesi: ponda viazi au maharage machache humohumo ndani. Chakula kimeshika chini: usikoroge wala usikwangue, kihamishie juu juu kwenye sufuria nyingine uache kilichoungua. Wali una kiini na maji yamekwisha: nyunyizia maji ya moto robo kikombe, funika kwa kawa au mfuniko uliobana, moto mdogo dakika 10.

Jioni ambayo chakula kimeharibika kabisa, chemsha mihogo au viazi vitamu, pika chai ya maziwa, mle kwa amani. Familia hailishwi na mlo mmoja, inalishwa na milo ya mwaka mzima.

Pakua kwa haki

Kazi ya mpishi haiishii kuepua. Wanapokula wote kwenye sinia moja, mdogo anashindwa mbio, na mara nyingi kitoweo kinaisha mkono wake haujafika katikati. Mtoto mdogo mpakulie kwenye sahani yake, ili uone amekula kiasi gani. Mpe sehemu yake ya dagaa, yai au maharage mapema, ukiyaponda kama bado meno hayajatosha. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo anahitaji kula mara nyingi, na uji wake uwe mzito, ukitiwa karanga zilizosagwa laini au maziwa. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa vina vitamini A kwa wingi, nayo hufyonzwa vizuri mlo ukiwa na mafuta kidogo, hata yale ya nazi au karanga. Mama anayenyonyesha naye asile makombo. Chakula chake ni chakula cha watu wawili.

Akiba inayofanya haya yote yawezekane

Kubuni mlo kunahitaji pa kuanzia. Pesa ikipatikana, kabla ya vitu vya anasa jaza hivi: unga na mchele, maharage na aina moja ya jamii ya kunde inayoiva haraka kama choroko au adesi, dagaa wakavu, karanga, vitunguu, kitunguu saumu na tangawizi, mafuta na chumvi, kopo moja la nyanya, ukwaju, bizari. Vikavu vitie kwenye ndoo au chupa zenye mifuniko, mbali na unyevu. Ukiwa na hivyo, safari ya gengeni inabaki kuwa ya fungu la mchicha, nyanya na ndimu tu, na hata usipokwenda utakula. Mwenye sehemu ya udongo, hata ndoo mbili zilizotobolewa, apande matembele na pilipili. Matembele huota kwa kipande cha shina tu, na ukichuma huchipua tena.

Usiku huu kabla ya kulala, fanya jambo moja: chambua maharage, uyaloweke. Kisha anza kuwashirikisha watoto. Mwenye miaka 7 anaweza kuchambua mchele na kumenya saumu, mwenye miaka 12 anaweza kuunga mboga ukiwa karibu naye, wa kiume sawasawa na wa kike. Wafundishe maswali yale manne mpaka wayajue kwa moyo. Jioni moja wiki hii mwite mmoja wao akague kilichopo, ayajibu maswali mwenyewe na kuamua mtakula nini, nawe umsaidie kupika alichokichagua.